Je, Wajua? Empire State Haikutupa Madirisha Yake

Bili ya umeme ikipanda katika ofisi kuukuu, wa kwanza kupigiwa simu huwa ni fundi wa viyoyozi, na jibu lake mara nyingi ni lilelile: nunua kikubwa zaidi. Jengo la Empire State la New York lilikuwa na umri wa miaka 78 wakati wenye nalo walipoamua kuanza kwingine. Haya ni machache kuhusu jengo hilo na ukarabati wake ulioanza mwaka 2009.

1. Je, wajua kwamba jengo hili lenye ghorofa 102 lilijengwa kwa siku 410 tu? Lilifunguliwa tarehe 1 Mei 1931, likiwa na urefu wa mita 381 bila antena. Wakati huo halikuwa na viyoyozi. Mpangaji akiona joto, alifungua dirisha. Mitambo ya kupoza hewa ilikuja baadaye, na bili zikaja nayo.

2. Je, wajua kwamba madirisha yake 6,514 yalikarabatiwa bila kutoka nje ya jengo? Mafundi walifungua karakana ghorofa ya 5. Kila dirisha lilipelekwa hapo, vioo vyake vikatenganishwa na kuoshwa. Katikati ya kioo na kioo wakatandaza utando mwembamba, unaoruhusu mwanga kupita lakini unaolizuia joto. Nafasi iliyobaki ikajazwa gesi za agoni na kriptoni, ambazo hupitisha joto kwa shida kuliko hewa ya kawaida. Kisha dirisha likarudishwa kwake. Zaidi ya asilimia 96 ya vioo na fremu za zamani zilitumika tena.

3. Je, wajua kwamba njia hiyo ililifaa jengo hata mbele ya sheria? Tangu 1981 Empire State inalindwa na Jiji la New York kama jengo la kihistoria, na sura yake ya nje haibadilishwi kiholela. Dirisha lililotiwa utando katikati ya vioo vyake vya zamani linabaki na sura yake.

4. Je, wajua kwamba kuirudisha dari moja kulichukua muda mrefu kuliko kulijenga jengo zima? Si nishati tu iliyoshughulikiwa: ukumbi wa kuingilia ulikuwa na dari iliyochorwa sayari na nyota kwa mfano wa magurudumu ya mashine, zikang'arishwa kwa dhahabu ya karati 23. Miaka ya 1960 dari hiyo ilifunikwa kwa nyingine ya kisasa yenye taa za mirija. Ilirejeshwa mwaka 2009, baada ya kazi ya mwaka mmoja na nusu.

5. Je, wajua kwamba jengo lilikuwa likipasha joto barabara? Ofisi nyingi za zamani za New York hupashwa joto na rejeta za ukutani, vyuma vinavyopitishiwa mvuke. Mtu wa Tanga au Mombasa hana shida navyo, lakini kule Januari haipiti bila hivyo. Rejeta zilikuwa zimeupa mgongo ukuta wa nje, na sehemu ya joto ilipenya ukutani na kupotelea nje. Nyuma ya rejeta zaidi ya 6,000 mafundi waliweka kinga ya kurudisha joto chumbani. Ni kazi ndogo, isiyoonekana na mgeni yeyote.

6. Je, wajua kwamba mitambo ya kupoza hewa iliachwa hadi nafuu itakayoletwa na madirisha ihesabiwe? Hapa ndipo ilipo siri ya ukarabati huu. Joto linaloingia likipungua, kazi ya kupoza nayo inapungua. Hivyo mitambo iliyokuwapo ilifumuliwa na kufanyiwa matengenezo, badala ya kununuliwa mipya na mikubwa zaidi. Wangeanza na mitambo, wangelipia nguvu ambayo baadaye isingehitajika.

7. Je, wajua kwamba lifti ikifunga breki inaweza kuzalisha umeme? Lifti 68 za jengo ziliingia katika mpango wa kufungiwa mashine za kuuvuna umeme huo. Lifti iliyojaa inaposhuka, mota yake hugeuka jenereta na kuurudisha umeme katika nyaya za jengo. Zamani nguvu hiyo iliishia kuwa joto tupu, na joto hilo nalo likahitaji kupozwa. Sasa wafanyakazi wanaoshuka kwenda kula mchana wanachangia umeme wa taa.

8. Je, wajua kwamba wataalamu walipima mawazo zaidi ya 60, wakachagua manane tu? Gharama ya ziada juu ya ukarabati uliokuwa umepangwa tayari ilikadiriwa kuwa dola milioni 13.2. Matarajio yalikuwa kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 38 na kuokoa dola milioni 4.4 kila mwaka. Piga hesabu: miaka mitatu, fedha imerudi.

9. Je, wajua kwamba zaidi ya nusu ya akiba hiyo ilikuwa ndani ya ofisi za wapangaji? Mwenye jengo anaweza kutengeneza dirisha, lakini hawezi kumzimia mpangaji taa. Kwa hiyo wapangaji waliwekewa mfumo wa kuona kwenye kompyuta umeme wanaotumia, wajilinganishe na jinsi ilivyokuwa jana.

Nawe, ikiwa ofisi yako iko katika jengo la zamani, usimwite fundi wa viyoyozi kwanza. Saa tisa alasiri, weka kiganja kwenye kioo cha dirisha linalotazama magharibi. Kikikuunguza, umeshajua pa kuanzia.