Fahamu: Bakteria anayekausha mizeituni ya Italia

Salento, kusini mwa mkoa wa Puglia, kuna mizeituni yenye umri wa mamia ya miaka. Mwaka 2013 wataalamu walimtambua anayeikausha: bakteria Xylella fastidiosa. Huziba mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, na matawi hunyauka kana kwamba yamepitiwa na moto. Mdudu mdogo mfyonza utomvu humsambaza mti hadi mti.

Vinasaba vya bakteria huyo vinaashiria kwamba alitoka Costa Rica; huenda aliingia na miche ya kahawa. Tena kahawa ya mapambo tu!

Tiba hakuna. Mamilioni ya miti imeathirika. Baadhi ya wakulima walipinga hadi mahakamani amri ya mamlaka ya kukata miti ya babu zao ili kuzuia maambukizi, uchungu unaoeleweka, ila ugonjwa haukusubiri hukumu. Sasa wanapanda Leccino na Favolosa, aina zinazouhimili.