Mwanao Anacheza Gofu, Wewe Je?

Tufanye hesabu ndogo. Mchezaji mzuri wa gofu anamaliza mashimo 18 kwa mikwaju kama 72. Kila mkwaju, tangu anyanyue fimbo hadi mpira uondoke, hauzidi sekunde tatu. Zidisha: hazifiki dakika nne. Lakini mchezo wenyewe unachukua masaa manne na ushee! Muda wote uliobaki mtoto anatembea na mawazo yake. Na mawazo ya kijana wa miaka 14 aliyekosa shimo akiwa hatua mbili tu, huku baba kasimama pembeni kakunja mikono, unayajua mwenyewe.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Ngenge, kule Muleba. Mpwa wangu anayecheza mashindano ya vijana Dar alikuja likizo na fimbo zake. Akawa anapiga mipira malishoni, watoto wa jirani wanaiokota huku wakicheka. Sijawahi kumwona akicheza kwa raha namna ile. Siku ya tatu akamwambia bibi yake anataka kuacha mashindano.

"Waitu mjukuu wangu, ukikosa hako kashimo nani anakufa?"

"Hafi mtu, bibi. Ila tukirudi, kwenye gari baba na mama hawaongei."

Dada na shemeji walikuwepo. Chai ilipoa.

Wazazi wengi wa gofu hupenda kumtaja Earl Woods, baba yake Tiger, aliyemkomaza mwanawe kwa makusudi: mtoto anataka kupiga, baba anachezesha sarafu mfukoni au anaangusha mfuko wa fimbo. Wanachosahau kusimulia ni kwamba walikubaliana neno moja. Tiger akilitamka, zoezi linaishia hapo. Hakuwahi kulitamka, sawa, lakini alikuwa nalo. Mwanao analo?

Mimi namtaja Rory McIlroy. Aprili 2011, akiwa na miaka 21, aliingia siku ya mwisho ya Masters kule Augusta akiongoza kwa mikwaju minne. Akapiga 80, dunia inatazama. Miezi miwili baadaye akashinda US Open kwa tofauti ya mikwaju minane. Masters yenyewe aliipata 2025. Miaka 14, jamani!

Uwanjani mpe kijana utaratibu usiobadilika: pumzi moja, atazame anakotaka mpira uende, ajaribu fimbo mara moja, apige. Akikosea, hasira ruksa kwa hatua kumi, basi.

Kazi ngumu ni ya kwenu wawili. Usiku ule dada na shemeji walibishana nani alianzisha huo ukimya. Asubuhi wakaafikiana: kwenye gari mtoto ndiye anaanza mazungumzo, na matokeo hayatajwi mpaka ameshakula. Mashindano yaliyofuata kijana alipiga 91. Walisimama njiani kula chipsi mayai, shemeji akijing'ata ulimi, na kabla sahani haijaisha kijana akaanza kusimulia mwenyewe shimo la saba.