Bakteria wa Tauni na Wizi wa Chuma

Mtu akisikia neno chuma hufikiria jembe, panga au njia ya reli. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwilini mwa kila mtu mzima mna chuma kipatacho gramu 3 hadi 4. Sehemu kubwa ya chuma hicho imo katika himoglobini, protini inayoipa damu rangi yake nyekundu na kuiwezesha kubeba oksijeni. Lakini binadamu si kiumbe pekee anayekihitaji. Bakteria wengi hawawezi kukua wala kuongezeka bila chuma, na miongoni mwao ni bakteria wa tauni, ugonjwa uliowasumbua wakazi wa Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga, kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa karne hii. Makala haya yanaeleza jinsi bakteria hao wanavyojipatia chuma, na jinsi jambo hilo linavyoweza kuamua nani atapona na nani atakufa.

Kiroboto mwenye njaa

Bakteria wa tauni, ambaye jina lake la kitaalamu ni Yersinia pestis, alitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Mwaka 1898 Mfaransa Paul-Louis Simond, akifanya kazi Karachi, alionyesha kuwa viroboto ndio wanaouhamisha ugonjwa huo kutoka panya mmoja hadi mwingine. Likabaki swali: kiroboto anaupitishaje?

Jibu lilianza kupatikana mjini London mwaka 1914, wakati Bacot na Martin walipowachunguza viroboto walionyonya damu yenye bakteria hao. Mbele ya tumbo la kiroboto kuna kifuko kidogo chenye vimiiba, ambacho hufanya kazi ya kilango: huiruhusu damu kuingia tumboni na kuizuia isirudi nyuma. Watafiti hao waliona kwamba katika baadhi ya viroboto kifuko hicho kilikuwa kimezibwa kabisa na bakteria. Kiroboto wa namna hiyo hushikwa na njaa kali. Huuma tena na tena, lakini damu anayoinyonya hugonga kizibo na kurudi katika jeraha, ikiwa imebeba bakteria.

Kizibo hicho ni utando wa bakteria. Bakteria hutoa uteute wa aina ya sukari ambao huwashikamanisha wao kwa wao, na pia huwagandisha mahali walipo. Mfano wa utando wa namna hiyo ni ukoga unaoshika meno yasiyopigwa mswaki, au utelezi unaoota ndani ya mtungi usiosuguliwa.

Utando huo wa tauni hutengenezwa katika jotoridi la chini, kama lile la mwili wa kiroboto. Bakteria wakiingia katika mwili wa binadamu, wenye jotoridi la nyuzi 37 za Sentigredi, protini zinazotengeneza uteute huvunjwavunjwa na kazi hiyo husimama. Hapo bakteria huhitaji silaha nyingine.

Ghala lililofungwa

Mwili haukiachi chuma chake ovyo. Katika damu, chuma hushikwa na protini iitwayo transferini; ndani ya chembe huhifadhiwa katika feritini; na katika machozi na maziwa ya mama imo laktoferini, ambayo nayo hukamata chuma. Kwa hiyo bakteria anayeingia mwilini hujikuta kama mwenye njaa aliyesimama mbele ya ghala lililofungwa.

Bakteria wa tauni hulifungua ghala hilo kwa kutoa nje kemikali ndogo iitwayo yersiniabaktini. Kemikali hii hukishika chuma kwa nguvu kubwa mno, kisha hurudi pamoja na mzigo wake na kupokewa na protini maalumu iliyo juu ya ngozi ya bakteria. Robert Perry na Jacqueline Fetherston wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, ni miongoni mwa wataalamu walioichunguza njia hiyo kwa miaka mingi.

Vita hivi haviishii kwenye chuma. Chembe nyeupe za damu hutoa protini iitwayo kalprotektini, ambayo huwanyima bakteria zinki na manganizi. Bakteria wa tauni wana njia za kujipatia madini hayo pia, na imeonekana kuwa yersiniabaktini huwasaidia hata katika kupata zinki.

Rangi iliyopotea

Mwaka 1956 Jackson na Burrows wa Uingereza walieleza jambo la ajabu. Bakteria wa tauni wakioteshwa katika chakula chenye hemini, yaani sehemu ya himoglobini yenye chuma, makundi yao hupata rangi ya kahawia iliyokolea. Lakini mara chache hutokea makundi yasiyo na rangi. Bakteria wa makundi hayo meupe walipodungwa katika panya, hawakuwaua. Watafiti walipowadunga panya bakteria hao pamoja na chuma, panya walikufa.

Maelezo kamili yalipatikana miaka mingi baadaye. Jeni zinazoleta rangi hiyo ndizo zinazotengeneza utando ndani ya kiroboto. Jirani yake, katika kipande hicho hicho cha DNA, zipo jeni za kutengeneza yersiniabaktini. Kipande chote chaweza kunyofoka kwa mara moja. Bakteria aliyekipoteza hukosa rangi, hukosa utando, na hukosa njia kuu ya kupata chuma. Rangi ilikuwa dalili tu. Chuma ndicho kilichokuwa kiini cha jambo.

Bakteria aliyedhoofishwa namna hiyo alihesabiwa kuwa salama kwa kazi za maabara. Mwezi Septemba 2009 mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekuwa akifanya kazi na bakteria wa aina hiyo, aliugua na kufa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaoufanya mwili kulimbikiza chuma kupita kiasi. Wataalamu walitoa maoni kwamba huenda wingi huo wa chuma uliwarudishia bakteria kile walichopungukiwa. Mwaka 2012 yalichapishwa majaribio yaliyounga mkono maoni hayo: panya wenye kasoro ya kulimbikiza chuma waliuawa na bakteria waliodhaniwa kuwa dhaifu. Ghala lilikuwa limeachwa wazi, na mwizi hakuhitaji ufunguo.

Funzo kwetu

Tauni bado ipo duniani. Mwaka 2017 Madagaska ilipatwa na mlipuko mkubwa wa tauni ya mapafu, ambayo huenea kwa mate ya mgonjwa anayekohoa. Tauni ya mitoki, iletwayo na viroboto, huanza kwa homa ya ghafla, kutetemeka na maumivu ya kichwa, kisha mitoki huvimba na kuuma kinenani, kwapani au shingoni. Isipotibiwa huua watu 30 hadi 60 katika kila wagonjwa 100. Dawa kama streptomaisini, gentamaisini na doksisaiklini huiponya, mradi zitolewe mapema. Panya wakionekana kufa ovyo kijijini, wasishikwe kwa mikono mitupu. Habari ipelekwe kituo cha afya mara moja, kwa sababu viroboto huuhama mzoga na kutafuta damu nyingine.

Aidha, mwanafunzi wa sayansi akumbuke kwamba ukali wa ugonjwa haumo ndani ya bakteria peke yake. Hutokana na kukutana kwa bakteria na mwili anaouingia. Aliye dhaifu katika mwili mmoja aweza kuua katika mwingine, na tofauti yaweza kuwa gramu chache tu za chuma.