Ukuta wa Shule Hauzuii Pombe

Mwanafunzi akikamatwa amelewa, watu huuliza maswali mawili: yu wa bweni gani, na atapewa adhabu gani? Maswali hayo ni ya haki, lakini la tatu husahauliwa: pombe ile ilitoka wapi? Shule haipiki pombe. Chupa ionekanayo bwenini imeuzwa na mtu mzima, na mara nyingi imelipiwa kwa fedha za matumizi zilizotoka nyumbani. Kwa hiyo shule ikiachiwa kazi hii peke yake, ni sawa na baharia anayekumba maji chomboni bila kuziba tundu.

Yafaa kwanza tueleze hatari yenyewe. Mwanafunzi hanywi kama mzee aliyetulia kilabuni. Hunywa kwa siri na upesi, pengine bila kula, ili amalize kabla hajaonekana. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Ini huondoa kileo polepole, kiasi cha chupa ndogo ya bia kwa saa moja au zaidi, wala kahawa au maji ya baridi hayaliharakishi. Kileo kikizidi mwilini fahamu hupotea, pumzi hupungua, na aliyelala chali aweza kupaliwa na matapishi yake akafa. Gongo laweza pia kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua.

Je, yawezekana kweli kupunguza ulevi wa vijana? Naam. Tutazame nchi ya Aisilandi, kisiwa kilichoko kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 1998, katika kila wanafunzi 100 wa huko wenye miaka 15 na 16, wapatao 42 walisema kwamba walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia. Mwaka 2016 walibaki 5 tu. Nchi hiyo haikutegemea mahubiri na viboko. Wataalamu waliwauliza wanafunzi wenyewe juu ya maisha yao, na majibu yakapelekwa kwa shule, wazazi na halmashauri za miji. Ilionekana kwamba kijana aliye na michezo ya kudumu, ambaye wazazi wake wanajua yuko wapi na yuko na nani, hanywi sana kama yule anayezurura usiku. Basi wazazi wakaweka mapatano kati yao, wengine wakapita mitaani kwa zamu usiku wa mwisho wa juma. Sheria nayo inakataza kuwauzia pombe walio chini ya miaka 20. Na tangu mwaka 2007 mji wa Reykjavik umesaidia kulipa ada za michezo na muziki kwa watoto. Kila mmoja alishika upande wake wa mzigo.

Hapa kwetu Tanzania pia tumeona faida ya kuziba tundu. Pombe kali ya viroba ilikuwa ya bei ndogo, na kifuko chake kilifichika hata ndani ya soksi. Serikali ilipiga marufuku vifuko hivyo kuanzia tarehe 1 Machi, 2017. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria haina macho. Macho yake ni sisi na majirani zetu.

Basi yafanyike nini? Kwanza, Mwalimu Mkuu na viongozi wa kijiji wakutane na wenye vilabu na maduka, wapatane kwamba kijana hauziwi, hata akivaa nguo za nyumbani, hata akisema ametumwa na mjomba wake. Pili, wazazi wapewe habari ya siku na saa ya kufunga shule. Siku hiyo, na siku ya mahafali, vijana wengi hutoka langoni asubuhi wakafika nyumbani usiku. Saa zile za katikati hazina mwenyewe. Tatu, Jumamosi jioni isiachwe tupu. Timu ya kijiji ikialikwa kucheza na yetu, kiwanja kitawashinda wenye vilabu.

La nne latuhusu sisi wanafunzi. Mwenzetu akizidiwa na pombe, mara nyingi tunamfunika blanketi na kunyamaza, kwa kuwa anayetoa habari huogopa kuadhibiwa pamoja naye. Huo si urafiki. Mlaze kwa ubavu, usimwache peke yake, mwite matroni au mwalimu wa zamu mara moja. Nasi twaomba kwa heshima uongozi wa shule utangaze kwamba aletaye habari ya mgonjwa hataadhibiwa kwa kuileta. Adhabu yaweza kungoja hadi asubuhi, pumzi haingoji.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Shule ni mkono mmoja. Wazazi, wenye maduka, viongozi wa kijiji na sisi wenyewe ndio mikono mingine, na mwana anayelelewa ni yule tunayelala naye bweni moja.