Mto Rufiji: Neema na Msiba Wake

Watu wengi, wasikiapo habari za mafuriko, hudhani kwamba ni msiba mtupu. Lakini kwa mkulima wa bonde la Rufiji mambo sivyo yalivyo: maji yakija kwa kiasi humshibisha, na yakizidi humgharikisha.

Kwanza yafaa tujue maji hayo yatokako. Rufiji hukusanya maji ya karibu sehemu ya tano ya Tanzania Bara, kiasi cha kilomita za mraba 177,000. Kilombero huleta maji ya milima ya Udzungwa, Luwegu hutoka kusini, na Ruaha Mkuu hutoka pande za Usangu. Yote hupenya korongo jembamba la Stiegler, kisha mto huingia katika nchi tambarare, huenda polepole, na masika yakizidi huvuka kingo zake. Ndiyo sababu mtu wa Utete aweza kuona mbingu nyeupe juu yake, na huku maji yapanda: mvua imenyesha mbali.

Maji hayo hubeba udongo wa milimani na kuutandaza bondeni. Yakisha kupungua, wakulima hupanda mahindi na kunde katika udongo ule wenye unyevu. Kilimo hicho hukiita mlau. Mabwawa ya kando hupata samaki wapya, na mikoko ya deltani hupata maji matamu.

Hata hivyo, neema hiyo ina mpaka. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamishia watu wengi mahali pa juu. Lakini wengi waliendelea kurudi bondeni, kwa kuwa rutuba iko huko. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere likaanza kujazwa katika korongo lile lile. Mtu angeweza kudhani kwamba mto umefungwa. Kumbe Aprili 2024 mvua zilizidi, bwawa likafunguliwa maji, na nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti yakafunikwa.

Wako wasemao, "Ni kudra ya Mungu," kisha wakalala bondeni masika yote. Sisi pia twaamini kudra; lakini Mtume wetu (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mola wake. Kumfunga ngamia huko Rufiji ni kulima bondeni na kulala juu, na kuweka mbegu mahali maji hayafiki. Kwa wenye amri juu ya bwawa, ni kutoa onyo mapema.

Na aliye mlimani je? Akikata miti ovyo, udongo mtupu haushiki maji, nayo humshukia mtu asiyemjua. Basi mto umewafanya kuwa majirani, na haki ya jirani, wasomaji wetu, twaijua sote.