Kazi ya kuchonga vyuma: vipuri vinalipa, kalibu zinaagizwa nje

Msimu wa mpunga ukikolea, karakana za kuchonga vyuma huwa na foleni. Shafti zilizolika hufika zimefungwa kwenye pikipiki, puli zilizopasuka hutumwa kwa basi, na kila mwenye kinu anataka chake kesho asubuhi. Nje ya msimu wapo wenye mashine za kusaga unga, wenye karasha za dhahabu wa Geita na Chunya, na wenye malori walioshindwa bei ya spea halisi. Ukitazama wateja, basi, hii si biashara inayokufa. Shida iko kwa fundi mwenyewe: safari yake kazini inazidi kuwa fupi, na mwisho wake wa juu hauonekani tena.

Ngazi za kazi hii wasomaji wengi wanazifahamu, kwani koo nyingi zina fundi. Kijana anaanza kwa kufagia chenga na kupiga tupa, anapewa keekee, kisha mashine ya kukereza. Akiaminika, anapanda kwenye mashine ya milingi na kukata gia. Juu kabisa yuko fundi wa kalibu, anayetengeneza vifaa vya kutengenezea vitu vingine: kalibu za plastiki, vikatio vya bati, vishikizi vya kazi. Huko ndiko kulikokuwa na heshima, na zamani ndiko kulikokuwa na mshahara.

Waliofika huko walilelewa na karakana kubwa. Reli zilikuwa nazo. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalikuwa nazo kwa ajili ya korona zao, yaani mashine za kuchakata mkonge, na viwanda vya nguo vya Dar es Salaam, Mwanza na Musoma vilikuwa na mafundi wa kuvifanyia vipuri humohumo ndani. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za katani. Miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000. Korona iliyosimama haihitaji shafti mpya, wala mwanafunzi wa kuichonga. Viwanda vya umma vilipofungwa au kuuzwa, mashine nyingi ziliingia mitaani, na mafundi wakazifuata.

Ndiyo maana karakana za leo zimejaa mashine zenye umri mkubwa kuliko wanaozitumia. Nyingine ni mtumba wa Uingereza. Bado zinafanya kazi, ila uchakavu wa reli zake unamlazimisha fundi kujua ni wapi zinapodanganya. Mzee anajua. Kijana aliyefika mwaka jana anaamini namba iliyoandikwa kwenye gurudumu.

Tuchukue kazi ya kawaida kabisa, shafti ya mashine ya kusaga inayokaa kwenye beringi ya tundu la milimita 40. Ili beringi ikae sawasawa, shafti haitakiwi kuwa milimita 40 kamili, bali izidi kidogo sana, kati ya 0.002 na 0.018. Ikipungua hata sehemu tano za mia za milimita, mviringo wa ndani wa beringi utaanza kuteleza juu ya shafti, utapata moto, na baada ya muda mteja atarudi akilaumu beringi feki. Pengine ni feki kweli. Lakini fundi mzuri hupima beringi kwanza, ndipo amalizie shafti. Wengi hawapimi, kwa sababu mteja amesimama nyuma yao na simu mkononi.

Gia ni mtihani mwingine. Kichwa cha kugawia meno kwenye mashine ya milingi huzungushwa mara 40 ili kazi izunguke mara moja. Gia ya meno 32 ni rahisi: mzunguko mmoja na robo kwa kila jino. Ya meno 37 inataka mzunguko mmoja na matundu matatu kwenye duara la matundu 37, na ukikosea tundu moja katikati ya kazi, kipande chote kinakwenda kwenye chuma chakavu. Kijana wa mtaani asiyefundishwa hesabu hii hutumia njia ya mkato: anajaza jino lililovunjika kwa kuchomelea, kisha analipiga tupa mpaka lifanane na wenzake. Mteja anaondoka ameridhika, kwa muda.

Ofisa mmoja anayefuatilia viwanda vidogo, ambaye hakutaka kutajwa, haoni sababu ya hofu. Hoja yake ni sensa ya viwanda ya mwaka 2013, iliyokuta viwanda 49,243 nchini. Msingi ni mpana, anasema, na idadi imekuwa ikikua tangu hapo. Hesabu hiyo haina ubishi. Ila ofisa huyo haendelei hadi mstari unaofuata: takriban asilimia 85 ya viwanda hivyo vilikuwa na watu wasiozidi wanne. Karakana yenye mashine moja ya kukereza na ya kuchomelea ipo humo, na inahesabiwa kiwanda sawa na kinu cha sukari.

Udogo huo una maana kwenye mafunzo. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi inayokatwa kwa waajiri ilikuwa asilimia 6, ikashuka hadi 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, 4 mwaka 2021 na 3.5 mwaka 2023. Waajiri wakubwa wanafurahia, huku wakiendelea kulalamika kwamba theluthi moja tu ndiyo inayofika kwenye ufundi. Kinachozungumzwa kwa nadra ni kwamba tangu 2021 mwajiri mwenye watu chini ya 10 hadaiwi tozo hiyo kabisa. Ni nafuu kwake, bila shaka. Lakini karakana hizo hizo ndizo zinazofundisha vijana wengi wa kazi hii, na mpango wa mafunzo umejengwa kuwazunguka wengine. Anayelea fundi kwa miaka mitano hapati kitu kwa kumlea. Kijana akishajua kukata nyuzi za skrubu, jirani anamwongezea posho kidogo na anahama.

Upo mpango wa kuwapima mafundi wa mtaani na kuwapa vyeti, na upo wa uanagenzi kwenye viwanda vinavyokubali. Wenye vyeti wanasema vinasaidia kuomba kazi migodini. Kama vinamwezesha mtu kukata gia ya meno 37, hilo ni swali ambalo taarifa za mwaka, zinazohesabu wahitimu, hazilijibu.

Mwenye karakana mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, aliye kwenye kazi hii tangu enzi za viwanda vya umma, ana lalamiko moja analolirudia kwa kila anayekaa kwenye benchi lake. Viwanda vya ndoo na beseni, anasema, vinaagiza kalibu kutoka China bila hata kumuuliza bei. Siku ukingo wa kalibu unapochimbika na beseni zikaanza kutoka na mikia ya plastiki, ndipo anapopigiwa simu usiku. Anakwenda, anajaza palipoliwa kwa kuchomelea, anachonga, anasugua kwa msasa mpaka pande mbili zifunge bila kupitisha karatasi ya sigara. Analipwa kama aliyeziba pancha, na ankara yenyewe inazungushwa ofisini miezi mitatu. Kwa maoni yake, anayeweza kuiponya kalibu anaweza kuitengeneza, na kinachokosekana ni imani tu. Vijana wake wawili waliokuwa na mkono wa kalibu wameshaondoka. Mmoja, anasema, anauza simu.

Lalamiko hilo lina ukweli, lakini nusu yake. Kutengeneza kalibu tangu mwanzo si sawa na kuiponya. Plastiki ya beseni husinyaa inapopoa, kati ya asilimia 1 na 2.5 kutegemea aina yake na jinsi inavyopozwa, hivyo kalibu lazima iwe kubwa kuliko beseni kwa kiasi hicho, na njia za maji ya kupozea zipangwe kabla ya kutoboa tundu la kwanza. Kinahitajika pia chuma chenye daraja linalojulikana. Karakana nyingi hununua chuma kwa kilo: ekseli ya lori, shafti ya meli iliyokatwakatwa, kipande kisicho na alama yoyote. Wazee bado wanaagiza kwa namba za zamani za Kiingereza, EN8 au EN24, na muuzaji anaitikia ndiyo kwa zote mbili. Chuma hicho kikiingizwa kwenye moto ili kikomae, hakuna anayeweza kuahidi kitatoka vipi.

Wanunuzi wa viwandani nao wana jibu fupi: kalibu ya nje inakuja na michoro na tarehe. Ya hapa inakuja na maelezo kwamba umeme wa njia tatu ulikatika. Ni jibu la kuudhi, na si la uongo.

Je, mashine zinazoongozwa na kompyuta zitabadili hali? Zimeshaingia kwenye vyuo kadhaa na karakana chache zenye mtaji. Waliozinunua wanasema kazi ni safi na ya haraka pale oda inapokuwa ya vipande mamia. Oda za mtaani ni za kipande kimoja, kilicholetwa kimevunjika, bila mchoro. Kwa kazi hiyo mzee na mashine yake ya mtumba bado wako mbele. Migodi mikubwa na reli mpya ya umeme zinatajwa sana kama soko lijalo la mafundi wa ndani; huenda ikawa hivyo, ingawa mitambo ya namna hiyo kwa kawaida hufungamana na spea za aliyeiuza kwa miaka kadhaa, na fundi wa ndani huitwa muda huo ukipita.

Kuna jambo moja ambalo pande zote hazibishani. Mafundi wa kalibu waliobaki ni wazee, wengi hawana akiba ya mfuko wowote wa jamii, na macho ya kusoma maikromita hayadumu. Kwa sasa kijana anayeuliza pesa iko wapi ashike shafti, puli na bushi, kwani huko hatakosa mteja. Anayetaka kalibu atafute mzee wa kumfundisha mapema, na ajiandae kukaa miaka kadhaa bila malipo ya maana, maana hakuna bajeti ya serikali wala ya kiwanda iliyotengwa kumlipia miaka hiyo.