Kuazima Macho ya Mwingine

Boyd Cooper ni mlinzi wa lango la hospitali ya wagonjwa wa akili iliyokwisha kuwa gofu. Anaongea peke yake, kuta zilizo karibu naye amezijaza michoro inayounganisha kila jambo na kila jambo, na shikilio lake ni moja: lango litafunguliwa na muuza maziwa, si mwingine. Mbele yake amesimama mvulana wa miaka 10, Razputin Aquato, ambaye wenzake humwita Raz. Mvulana hana nguvu za kuvunja lango. Anachofanya ni kumbandika Boyd mlango mdogo kwenye paji la uso. Mlango unafunguka, naye anapita humo hadi ndani ya akili ya mlinzi.

Humo kuna mtaa wa makazi wa Kimarekani, nyumba zimefanana na bustani zimekatwa sawasawa. Lakini barabara zake zimejisokota. Moja inapanda hewani, nyingine imepinduka chini juu, na Raz akizifuata huona mapaa ya jirani yakining'inia juu ya kichwa chake. Kamera zimefichwa kila mahali. Njia zinalindwa na makachero wenye makoti marefu na kofia, na kila kundi limeshika kifaa cha kujifichia. Wenye kibao cha kusimamisha magari wanajidai mafundi wa barabara. Wenye maua wanajidai wajane waliofiwa. Wenye kifimbo cha kusukumia unga wanajidai mama wa nyumbani, na wanajieleza hivyo kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mabavu hayasaidii hapa. Raz lazima akitafute kifaa kile kile, akishike mkononi, ndipo makachero wamhesabu kuwa mwenzao na kumwachia njia.

Sehemu hii ni ya gemu iitwayo Psychonauts, iliyotoka Aprili 2005, na ndiyo ninayoitaja kwanza kila ninapoulizwa gemu ya kuingia akilini mwa mtu inafaa kuwaje. Boyd anaamini kwamba kila mtu anajifanya asivyo. Basi ndani ya akili yake, sheria ya kupita ni kujifanya usivyo. Kanuni ya fumbo na hofu ya mwenye akili zimekuwa kitu kimoja, na mchezaji anayetaka kusonga mbele hana budi kufikiri kama Boyd kwa muda, hata kama mwanzoni alimcheka.

Nieleze kidogo kazi ya kutengeneza gemu inavyofanyika, maana wengi huiangalia gemu kama filamu yenye vibonyezo. Mtengenezaji wa gemu huanza na kitenzi. Mchezaji atafanya nini? Ataruka, atasukuma, atachagua, atajificha? Hadithi na picha nzuri huweza kuja baadaye, lakini kitenzi kikiwa kibovu, vyote hivyo huwa pambo. Gemu nyingi zinazodai kuzungumzia akili hukwama hapo hapo: zinachora ubongo wa rangi rangi, kisha mchezaji anafanya yale yale anayoyafanya katika gemu nyingine yoyote, kuruka na kupiga. Uhodari wa Psychonauts ni kwamba kitenzi hubadilika kila unapobadilisha kichwa.

Aliyeibuni ni Tim Schafer, aliyeandika gemu za visa na vichekesho katika kampuni ya LucasArts tangu mwisho wa miaka ya 1980, ikiwemo Grim Fandango ya 1998. Mbegu ya wazo ilitoka katika gemu yake ya 1995, Full Throttle, ambamo alitaka kuweka safari ya njozi ndani ya kichwa cha mhusika mkuu. Sehemu hiyo ikaondolewa, lakini wazo hakulitupa. Mwaka 2000 aliacha kazi, akaanzisha kampuni yake ya Double Fine huko San Francisco, na Psychonauts ikawa gemu yake ya kwanza. Hati ya maneno aliiandika pamoja na Erik Wolpaw, na ikapata tuzo ya uandishi ya BAFTA. Kabla ya kuwaandikia watoto wa kwenye hadithi maneno yao, Schafer aliwatengenezea kila mmoja ukurasa wake, kama ule wa mitandao ya kijamii ya wakati huo: nani rafiki wa nani, nani anampenda nani, nani hamwezi nani. Nadhani hapo ndipo penye siri ya kazi yote. Huwezi kujenga akili ya mtu usiyemjua.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Raz ametoroka sarakasi ya familia yake na kukimbilia kambi ya watoto wenye vipaji vya kiakili, mahali ambapo walimu wanafundisha kuona mbali, kuelea hewani na kuwasha moto kwa kufikiri tu. Akili za watoto wa kambini zinaanza kuibwa, kihalisi kabisa: bongo zinatolewa vichwani. Raz anaingia kichwa hiki na kile akitafuta mwizi. Akili za walimu ni shule yake, na za wagonjwa wa ile hospitali ni mitihani yake.

Vichwa vyote vina vyombo vinavyofanana. Kuna masanduku na mikoba inayolia machozi, na kila mmoja hunyamaza ukiupatia kitambulisho chake kilichopotea. Kuna sefu zenye miguu zinazokukimbia. Ukiikamata moja, ndani unakuta picha za kumbukumbu ambayo mwenyewe hakutaka ionekane. Kuna utando wa buibui kwenye pembe za akili zisizotumika. Na kuna walinzi wenye suti na miwani, ambao kazi yao ni kulipiga mhuri wa kukataa kila wazo lisilo la pale. Raz kwao ni mgeni asiyeitwa, kwa hiyo wanamshambulia. Chimbuko lao si gumu kulitambua. Sigmund Freud, katika kitabu chake cha tafsiri ya ndoto kilichotoka mwishoni mwa 1899 kikiwa na mwaka 1900 jaladani, alieleza nguvu ya ndani inayokagua mawazo na kuyazuia au kuyavika nguo nyingine kabla hayajafika kwenye ufahamu. Wanasaikolojia wa leo hawaifuati picha hiyo kama ilivyo. Kwa gemu, hata hivyo, inafaa sana, kwa sababu inampa adui sababu ya kuwepo. Mkaguzi yule si mwovu: analinda nyumba yake.

Kilichonigusa kuliko vyote katika gemu ya kwanza kimefichwa mahali ambapo mchezaji halazimiki kufika. Milla Vodello, mwalimu wa kuelea, ana akili ya sherehe: muziki, taa za rangi, watu wanacheza dansi bila kuchoka. Unaweza kuumaliza mchezo wake wote ukabaki na picha hiyo ya mwanamke mchangamfu. Ukitoka kidogo njiani unakuta chumba cha watoto, kimya, hakifanani na chochote kilichokitangulia. Sefu iliyo humo inaonyesha picha za kituo cha yatima alichokilea Milla, jinsi kilivyoungua na watoto ndani. Chini yake kuna shimo la moto ambamo majinamizi yake yamefungiwa, na sauti za watoto zinamwita. Hakuna pambano wala zawadi ya maana. Hakuna mtu anayekuja kueleza. Unarudi kwenye dansi, na dansi ni ile ile, ila sasa unajua inachezwa juu ya nini. Mtunzi mwingine angeifanya habari hiyo kuwa kilele cha hadithi. Kuiacha pembeni, ambapo wengi wataipita, ni kuiheshimu: ndivyo majonzi ya watu wazima yanavyokaa katika maisha, na mwenye nayo hakuitangazia dunia.

Fred Bonaparte naye amekwama. Alikuwa mhudumu wa hospitali ile, akashindwa mara kwa mara na mgonjwa mmoja katika mchezo wa ubaoni unaohusu vita vya Waterloo, hadi mhenga wake Napoleon akajitokeza kichwani mwake kumsimanga. Ndani, Raz anakuta ubao huo mezani na anaweza kuwa na vimo vitatu: mkubwa wa kusogeza kete, mdogo wa kutembea kati yake, mdogo zaidi wa kuingia ndani ya nyumba za wanakijiji na kuwashawishi waende vitani. Aibu ya Fred ni kujiona mdogo mbele ya jina kubwa la ukoo, na fumbo lake ni la vimo. Kwa mara nyingine, kitenzi kimetoka kwa mtu.

Pale kwa Boyd, kuna chemshabongo moja ambayo ningependa kila anayejifunza kutengeneza gemu aichunguze. Mlezi wa kikundi cha wasichana wa mtaani humo anazima taa zote, anavaa miwani ya kuonea gizani, na kumwinda Raz. Mchezaji haoni kitu. Lakini Raz ameshajifunza kuazima macho ya mwingine, yaani kuona kile anachokiona yule aliye mbele yake. Kwa hiyo anamwangalia adui kwa macho ya adui, anajiona mwenyewe kama kiumbe mdogo gizani, na kwa njia hiyo anajua asimame wapi na apige upande gani. Uwezo huo unafanya kazi kwa karibu kila mhusika wa gemu, na kila mmoja anamwona Raz kwa sura yake. Mtu angeweza kutumia saa nzima akiwazungukia watu kuuliza kimya kimya, wewe unanionaje?

Kasoro zipo. Sehemu ya mwisho, sarakasi ya nyama, ilikuwa na kuruka kugumu kiasi kwamba wachezaji wengi waliishia hapo, na ugumu huo haukutokana na akili ya mtu yeyote. Jambo zito zaidi ni namna wagonjwa walivyochorwa. Kila mmoja ana ajabu yake ya kuchekesha, Raz anaingia, anapigana, anatoka, na mgonjwa amepona. Anayemuuguza ndugu mwenye maradhi ya akili anajua kwamba kupona hakuji hivyo.

Biashara nayo ilikwenda vibaya. Microsoft, iliyogharimia kazi hiyo mwanzoni, ilijitoa 2004, Majesco ikaichukua, na mwaka 2005 ulipokwisha nakala zilizouzwa Amerika Kaskazini hazikufika 100,000. Mkurugenzi mkuu wa Majesco alijiuzulu mwaka huo huo. Gemu ikaendelea kuishi kwa kuhadithiana. Desemba 2015 Double Fine iliomba umma uchangie ya pili, ikiweka lengo la dola milioni 3.3, na lengo likapitwa. Microsoft, ile ile iliyoondoka, iliinunua Double Fine 2019. Psychonauts 2 ilitoka Agosti 25, 2021.

Gemu hiyo ya pili inaanza na ilani kwa mchezaji kwamba atakutana na mambo mazito ya akili, hata kama yamevikwa ucheshi. Watengenezaji walishirikiana na Take This, shirika la Marekani linaloshughulikia afya ya akili katika ulimwengu wa gemu. Ushirikiano huo unaonekana katika maadui wenyewe. Shambulio la hofu linakuja kwa kasi isiyofuatika, na dawa yake ni kuupunguza mwendo wa muda ukalizunguka taratibu. Hali mbaya ya moyo haishindwi kwa kuipiga ovyo: unaazima macho yake kwanza, uone kinachoisumbua kilipo. Compton Boole, mzee anayeogopa hukumu za watu, ana akili iliyo shindano la mapishi, saa inakimbia, vyakula vinapiga kelele vichaguliwe, na majaji ni vikaragosi vya mbuzi vyenye sauti za wenzake wa zamani. Aliyewahi kutetemeka mbele ya kamati ya kumhoji kazi atapajua mahali hapo.

Lakini jambo kubwa la gemu ya pili ni kosa la Raz mwenyewe. Anataka kupelekwa kwenye kazi ya hatari, na mkuu wake, Hollis Forsythe, amekataa kwa kuwa yeye ni mwanafunzi. Raz yumo akilini mwa Hollis kwa ajili ya somo. Anaona mawazo yakielea, kila moja na jina lake, na amepewa uwezo wa kuyaunganisha. Hollis ameshafundisha kwamba hilo ni la kuogopwa. Raz anaunganisha wazo la hatari na wazo la faida, ili mkuu alegeze msimamo. Hollis analegeza, kisha anapitiliza: anakimbilia kasino na fedha za idara, na Raz akirudi kichwani mwake anakuta hospitali iliyogeuka nyumba ya kamari, wagonjwa wakiwekewa dau.

Mchezaji ndiye aliyebonyeza, na hakuna njia nyingine ya kuendelea. Katika gemu ya kwanza tuliingia vichwa vya watu bila hodi, tukapanga upya tulichokiona kimekaa vibaya, tukashangiliwa. Miaka 16 baadaye mtunzi yule yule anatufanyisha kitendo hicho hicho na kutuonyesha kuwa ni uvamizi, hata kwa nia njema. Raz anaomba radhi, na Hollis haipokei kirahisi. Sijui gemu nyingine iliyojisahihisha waziwazi hivyo, na kwa kutumia vidole vya mchezaji.

Anayetaka kuanza aanze na ya 2005 hata kama picha zake zimezeeka, kwa kuwa uzito wa kisa cha Hollis unategemea uzoefu wa Boyd, Milla na Fred. Kompyuta ya kawaida inaimudu. Ya 2021 inahitaji mashine yenye nguvu zaidi, na ndani ya mipangilio yake kuna chaguo la mhusika kutoumia kabisa, ambalo Double Fine ililitetea hadharani pale baadhi ya wachezaji walipolibeza. Mzazi asiyewahi kushika kidhibiti cha gemu anaweza kuliwasha, akapita mafumbo na mwanawe bila kurudishwa nyuma kila dakika. Ila mtoto mdogo asiachwe peke yake pale kwa Milla, wala katika akili ya Bob, mtaalamu wa mimea aliyezama kwenye pombe. Na mwenye hamu ya kujua gharama ya kazi hizi kwa wanaozifanya atazame filamu ya Double Fine PsychOdyssey, iliyowekwa YouTube mwaka 2023 kwa vipande 32: humo watu wanagombana kwa jinsi ya kuonyesha akili ya mtu, wanafuta kazi ya miezi, na wanaanza tena.